Hivi sumu ya viwandani ikitoka mtoni inasambaa baharini kama wino kwenye beseni, au ina njia yake?

#1 KomeMweusi
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linanikosesha usingizi tangu mwezi uliopita. Nipo kwenye kikundi cha kujitolea. Tunaokota kome kwenye mawe maji yakipwa, tunapeleka maabara kupimwa metali. Mto wenyewe huko juu ulikuwa na viwanda vya zinki, vingi vimefungwa zamani. Tunaokota sehemu tatu: pale mlangoni mwa mto, kilomita kama thelathini kulia (ukiwa umeipa nchi kavu mgongo), na kilomita kama thelathini kushoto.

Nilichokariri shuleni ni kwamba uchafu ukiingia baharini unatawanyika pande zote, na kila ukienda mbali unapungua. Tone la wino kwenye beseni, basi. Majibu yamerudi hivi: kushoto karibu hakuna kitu. Mlangoni kadimi, ile metali yenye sumu, ipo ya kiasi. Kulia kadimi ni zaidi ya mara mbili ya mlangoni. Na kulia hakuna kiwanda wala bandari, ni mawe na ndege tu.

Dai langu: ama maabara wamechanganya mifuko, ama ile habari ya wino tulidanganywa. Karibuni.

#2 NgojaWaje
Nimevuta kiti mbele kabisa. Wajuzi wakifika mnistue.

#3 BahariKubwa
Maabara wamekosea. Bahari haina mwisho, sumu ya mto mmoja inazimuliwa ndani ya siku mbili. Mnajipa presha bure.

#4 NahodhaMstaafu
Hukudanganywa mleta mada, ila mliishia ukurasa wa kwanza.

Maji ya mto hayachanganyiki na bahari kirahisi hivyo. Yanaelea. Mita moja ya ujazo ya maji baridi (yasiyo na chumvi) ina kilo 1,000, ya bahari ina kama 1,025 kwa sababu ya chumvi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inatosha kuyafanya ya mto yatandike juu kama shuka. Nimevuka mpaka huo mara nyingi kuliko nilivyovuka barabara. Huku maji ya kahawia, kule kijani, katikati mstari wa povu uliojaa majani, vijiti na chupa. Ukiupita polepole kisha ukageuka nyuma, unaona propela imechimbua maji ya kijani kutoka chini ya yale ya kahawia. Mita mbili tatu tu chini ya mto unaoelea kuna bahari safi.

Pili, dunia inazunguka. Maji yakisafiri mwendo mrefu yanapindishwa: kaskazini mwa ikweta yanavutwa kulia, kusini yanavutwa kushoto. Kwa hiyo ulimi ule wa maji ya mto ukitoka mlangoni hauendi moja kwa moja. Unapinda, unaegemea pwani, unaanza kutambaa nayo. Unaweza kwenda kilomita nyingi ukiwa mwembamba hivyo hivyo, umebanwa na ufuko upande mmoja.

Swali moja tu: uko kaskazini au kusini ya ikweta?

#5 KomeMweusi
Kaskazini, mkuu. Duh.

#6 NahodhaMstaafu
Basi kesi imefungwa. Anayetaka risiti aje inbox.

#7 BiMizani
Nahodha, usifunge kesi ambayo hujaifungua yote. Umeeleza kwa nini kulia kuna kitu na kushoto hakuna. Hujaeleza kwa nini kulia *kuzidi mlangoni*. Ulimi ukitambaa bado unakonda njiani. Ungetegemea kulia kuwe na kadimi pungufu, sio mara mbili.

Nimekaa maabara ya maji miaka kadhaa, kwa hiyo nitaegemea upande wa kemia. Kadimi ikiwa mtoni, sehemu kubwa imeng'ang'ania chembe za tope. Chembe hizo zikifika kwenye maji ya chumvi, kloraidi inaidaka kadimi, inaibandua kwenye tope na kuiacha imeyeyuka majini. Kwa hiyo kadimi iliyoyeyuka haina kilele mtoni, na haina kilele bahari kuu. Kilele chake ni katikati, maji yakiwa nusu chumvi. Na iliyoyeyuka ndiyo viumbe wanaifyonza kwa urahisi zaidi.

Mfano unaojulikana ni Gironde, Ufaransa. Madini ya zinki yalisafishwa Decazeville, bara kabisa, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kadimi ikateremka na mto Lot, ikaingia Garonne, ikafika Gironde, na huko chini chaza wakakutwa wamejaa kadimi hadi ufugaji wao ukapigwa marufuku. Karibu na kiwanda ilikuwa tope, mbali na kiwanda ikawa chaza.

#8 NgojaWaje
Subiri dada. Yaani chumvi ndiyo inayoiachia sumu? Mimi nilijua chumvi inasafisha.

#9 BiMizani
Kwa kadimi, ndiyo. Usiibebe sheria hiyo kwenye kila sumu, kila moja ina tabia yake.

Fanya jaribio hili. Chukua glasi mbili za maji ya tope la mfinyanzi, koroga zote, moja tia kijiko cha chumvi. Ziache. Ile yenye chumvi itaanza kutakata mapema, chembe zinashikana, zinakuwa vibonge, zinazama. Kwenye mlango wa mto hilo linatokea kila siku kwa tani nyingi. Chuma kinazama pale, na risasi kwa sehemu kubwa inakwenda nacho. PCB (za mafuta ya transfoma za zamani) na DDT (dawa ya wadudu) hazipendi maji hata kidogo, zinakumbatia mafuta na mabaki ya viumbe kwenye tope, zinazama pia. Sianidi inavunjika na kuzimuliwa. Zile kemikali za PFAS za sufuria zisizogandisha na mapovu ya kuzimia moto, nyingi zinabaki zimeyeyuka na kusafiri na maji popote yanapokwenda.

Ukiuliza "sumu ya mto inakwenda wapi" ni kama kuuliza abiria wa basi wanashuka wapi. Wanashuka vituo tofauti.

#10 BahariKubwa
Mmeona? Nyingi zinazama mlangoni. Kwa hiyo bahari iko salama, nilisema.

#11 Kokoto
BahariKubwa, kuzama sio kufa. Ngoja nikupe moja ambayo iliwachanganya watu.

Miaka ya 1960, Uholanzi. Ndege wa jamii ya buabua waliokuwa wakizaa kwenye visiwa vya bahari ya Wadden, kaskazini, walianza kufa, vifaranga wanadondoka, idadi ikaporomoka vibaya. Visiwani hakuna kiwanda. Walipofuatilia walikuta dieldrini na telodrini kwenye ndege na kwenye samaki. Chanzo kilikuwa kiwanda cha viuatilifu karibu na Rotterdam, kusini, kwenye mdomo wa Rhine. Maji ya Rhine yakitoka pale yanapinda kulia, yanapanda na pwani ya Uholanzi hadi Wadden. Samaki wadogo walikula, buabua wakala samaki. Baada ya umwagaji kukatwa ndege wakarudi taratibu.

Kwa hiyo Nahodha yuko sahihi kuhusu kulia. Lakini angalia kwamba mfano huu haujibu hoja ya BiMizani, kwa sababu dieldrini sio kadimi.

#12 Pezi
Na Sandoz je? 1986 ghala liliungua Basel, Rhine ikawa nyekundu, samaki wakafa hadi Bahari ya Kaskazini. Ule ulimi ulionekana waziwazi.

#13 Kokoto
Pezi, hapo umechanganya. Moto ulikuwa usiku wa tarehe 1 Novemba 1986, Schweizerhalle, nje kidogo ya Basel. Kilichoharibu ni maji ya kuzimia moto: hapakuwa na bwawa la kuyadaka, yakabeba viuatilifu na rangi nyekundu hadi mtoni. Mikunga walikufa kwa mamia ya kilomita kuteremka mto. Lakini kadiri lile wimbi lilivyoteremka lilikuwa linarefuka na kuzimuliwa. Vifo vikubwa vilikuwa Rhine ya juu, sio baharini.

Ajali ni kishindo kimoja. Kinachojaza bahari ni dripu: bomba dogo linalotiririka miaka thelathini bila gazeti kuandika.

#14 Pezi
Sawa, nimepokea. Nilikuwa nakumbuka picha ya TV.

#15 MlinziWaZamu
Nakazia #13. Baia Mare, Romania, tarehe 30 Januari 2000: bwawa la mgodi wa dhahabu lilipasuka, sianidi ikaingia mto Someș, ukapeleka Tisza, kisha Danube. Kwenye Tisza samaki walikufa kwa wingi wa kutisha. Ilipofika delta ya Danube baada ya kama wiki nne na kilomita 2,000 hivi, bado ilipimika lakini ilikuwa imeshakonda. BahariKubwa hapo angepata pointi yake moja.

#16 BahariKubwa
Asante. Naichukua hiyo pointi, siirudishi.

#17 Mzamiaji2
Watu mnaongelea maji, mimi niongelee tope, maana ndipo nilipofanyia kazi.

Nilikuwa kwenye meli ya kuchimba tope mlangoni mwa mto mmoja mkubwa, siutaji. Bandari za mtoni zinajaa tope kila msimu kwa sababu ile ile ya glasi ya BiMizani: linashikana, linatuama, kina kinapungua, meli zinagusa. Kwa hiyo linachimbwa mwaka mzima. Likishachimbwa linapelekwa wapi? Baharini, sehemu iliyotengwa kwenye ramani. Tunafika, tunafungua milango ya chini ya meli, meli inaruka juu ghafla kama mtu aliyetua mzigo, tope linashuka lote kwa dakika chache. Juu linabaki wingu la kahawia, na lile wingu linafuata mkondo. Tulikuwa tunalitazama likienda zake, tukinywa chai.

KomeMweusi, umesema kulia hakuna bandari. Haya, ile bandari ya *mlangoni* inatupa tope lake wapi?

#18 KomeMweusi
Mzamiaji2, nimeenda kutafuta ramani sasa hivi. Eneo la kutupa tope lipo nje, upande wa kulia. Sio mbele ya mawe yetu kabisa, lakini ni upande huo huo.

Sasa nimezidi kuchanganyikiwa.

#19 NgojaWaje
Kesi ya Nahodha imefunguliwa tena, rufaa imekubaliwa.

#20 NahodhaMstaafu
Rufaa gani, kijana? Lile wingu la tope linabebwa na nani? Na mkondo ule ule wangu.

#21 FundiWaTakwimu
Habari zenu. Mimi nina wasiwasi na kome wenyewe.

Kome sio chupa ya kuchotea maji. Ni mnyama. Maji yakiwa baridi mno, yaani chumvi imepungua, anafunga gamba na kusubiri. Kome wa mlangoni mwa mto anaweza kupitisha saa nyingi kila siku amefunga mdomo wakati ulimi wa mto unampita juu. Hanywi maji, hali chembe, hakusanyi sumu. Wa kilomita thelathini hana shida hiyo, anachuja muda wote.

Halafu kuna unene. Kome anayekua haraka mwili wake unaongezeka na kadimi ile ile inagawanywa kwenye nyama nyingi. Anayekua polepole anabaki mdogo, mzee, na kadimi imejikusanya miaka yote. Maabara inatoa majibu kwa gramu ya nyama. Kwa hiyo unaweza kuwa na kadimi *kidogo* majini upande wa kulia na bado kome wako wakasoma juu. Mliwapima ukubwa?

#22 KomeMweusi
Hatukuwapima kwa rula. Lakini kwa macho: wa mlangoni ni wanene, gamba jepesi, ukiwafungua wamejaa. Wa kulia ni wadogo, magamba mazito yaliyokwaruzika, wanapigwa na mawimbi usiku na mchana. Kung'oa mmoja unatumia kisu.

#23 FundiWaTakwimu
Basi hapo umeshanijibu nusu. Unalinganisha mtoto na babu yake.

#24 BiMizani
Hoja nzuri, Fundi, naipokea kwa sehemu. Umri unaweza kuongeza. Lakini kushoto nako kuna mawe na mawimbi, na kome wa kushoto walisoma karibu na sifuri. Uzee peke yake haukusanyi kitu ambacho hakipo.

#25 Jongoo_Bahari
Naomba nitoke nje kidogo ya kadimi. Kuna anayesema (#17) tope likitupwa linaondoka. Hata lisipotupwa linaondoka. Dhoruba moja inachimbua chini, na nyavu za kukokota zinachimbua kila siku. Viwanda vya mleta mada vimefungwa zamani lakini tope lake bado lipo, na kila likichimbuliwa ni kama kiwanda kimefunguliwa tena kwa siku moja.

Ila kuna mfano wa kinyume. Mto James, Virginia, Marekani. Mwaka 1975 iligundulika kwamba kiwanda kimoja cha Hopewell kilikuwa kimemwaga Kepone, dawa ya wadudu, wafanyakazi wanatetemeka mikono. Mto ukafungwa kwa uvuvi. Watu walitaka kuchimba tope lote wakakuta gharama haishikiki. Wakaliacha. Miaka ikapita, tope jipya safi likalifunika la zamani, viwango kwenye samaki vikashuka, marufuku ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapo kutokugusa kulisaidia kuliko kugusa.

#26 Mzamiaji2
Kweli. Lakini mto ukifunika, mchimbaji anafunua. Ndiyo kazi tuliyokuwa tunalipwa.

#27 Pezi
Hakuna aliyetaja Minamata? Kule Japani kiwanda kilimwaga zebaki mtoni, ikateremka baharini, watu wakaugua. Huo si ndio mfano mama?

#28 Kokoto
Pezi leo unanipa kazi. 🙂

Minamata, kuanzia 1932, maji ya kiwanda cha Chisso yalikuwa yanaingia kwenye ghuba kupitia bandari ndogo ya Hyakken, sio mtoni. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Mwaka 1958 kampuni ikahamisha mfereji, ndipo maji machafu yakaanza kumwagwa kwenye mdomo wa mto Minamata. Kilichofuata kiliumiza: mto na mikondo vikapeleka zebaki nje ya ghuba, na wagonjwa wapya wakaanza kutokea kwenye vijiji vya mbali zaidi, kando ya bahari ya Shiranui. Ni kama mtu alihamisha bomba ili kuona itakuwaje, ila aliyepimiwa ni watu. Umwagaji ulikoma 1968.

Wa mtoni hasa ni Niigata, 1965, mto Agano, kiwanda kingine kabisa. Huko waathirika wengi walikula samaki wa mtoni wenyewe.

#29 Pezi
Sasa nimeelewa. Kumbe kuhamisha mfereji mara moja kulifungua njia yote.

#30 BiMizani
Na kwenye zebaki kuna jambo jingine. Sehemu yake ilitoka kiwandani ikiwa tayari zebaki ya methili. Lakini hata zebaki ya kawaida ikilala kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wanaigeuza kuwa ya methili, na hiyo inapanda kutoka planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) hadi samaki mkubwa ikiongezeka kila ngazi. Kadimi haipandi ngazi kwa namna hiyo. Ndiyo maana chaza na kome wanasumbua kwenye kadimi, na samaki wakubwa wanasumbua kwenye zebaki.

#31 MlinziWaZamu
Kwa wanaotaka kuona njia yenyewe ikichorwa: technetiamu-99, elementi ya mionzi, kutoka kituo cha nyuklia cha Sellafield, Uingereza. Umwagaji uliongezeka 1994, na watafiti wakaifuata kutoka bahari ya Ireland, ikazunguka Scotland, ikaingia Bahari ya Kaskazini, ikapanda na pwani ya Norwe. Ni kama mtu aliyepita na kopo la rangi linalovuja.

#32 Kokoto
Mfano mzuri, ila Sellafield ni bomba la baharini, sio mto. Tukubaliane unaonyesha mikondo, hauonyeshi kinachotokea mlangoni.

#33 MlinziWaZamu
Nimekubali. Nitaandika "bomba" kwa herufi kubwa safari ijayo.

#34 NgojaWaje
Nahodha, na walio karibu na ikweta je? Huko kulia na kushoto si vinakwisha?

#35 NahodhaMstaafu
Vinakwisha, ndiyo. Pale nguvu hiyo inakaribia sifuri na mto unatii mkondo na upepo. Amazon unamwaga zaidi ya mita za ujazo 200,000 kwa sekunde, karibu kabisa na ikweta, na maji yake yanabebwa na mkondo wa pwani kuelekea kaskazini-magharibi.

#36 Kokoto
Kwa hiyo sheria ya Nahodha ina masharti na vigezo kuzingatiwa.

#37 NahodhaMstaafu
Kila sheria ya baharini ina upepo ndani yake. Sikusema kwa sababu hamkuuliza.

Upepo ukivuma sambamba na pwani, kaskazini mwa ikweta maji ya juu yanasukumwa kulia kwa upepo. Ukivuma kuelekea mkono ule ambako ulimi unakwenda, maji ya juu yanasukumwa kwenye pwani: ulimi unabanwa, unakuwa mwembamba, unakimbia. Ukivuma kinyume, ulimi unavutwa nje, unatanuka kama karatasi, na unaweza hata kurudi nyuma upande wa pili. KomeMweusi, kome wa kushoto mliwaokota msimu gani?

#38 KomeMweusi
Sasa hapo ndipo nilikuwa nimeficha kitu, samahani wakuu, niliona kinaharibu hadithi. Mwaka juzi kikundi kiliokota pia, kabla sijajiunga. Mwaka huo kushoto ndiko kulisoma juu. Kulia kawaida. Tuliona ni makosa ya waliotutangulia tukaachana nayo.

#39 NgojaWaje
Mleta mada!!! Posti 38 ndiyo unaitoa hii?

#40 BahariKubwa
Nilisema maabara. Nilisema toka #3.

#41 NahodhaMstaafu
Au mwaka ule upepo ulikuwa wa kinyume miezi kadhaa. Tafuta kumbukumbu za upepo kabla hujawatukana waliotangulia.

#42 Kina_Kirefu
Nimesoma uzi wote kimya, nashukuru wote. Niwavuruge kidogo.

Mnachukulia kadimi lazima imetoka mtoni. Kadimi iko baharini kwa asili. Planktoni wanaichukua juu, wanakufa, wanazama nayo, inarudi majini huko chini. Kwa hiyo maji ya kina kirefu yana kadimi nyingi kuliko ya juu, inakwenda sambamba na fosfati. Upepo ule ule wa Nahodha unaovuta maji ya juu nje ya pwani, unayapandisha ya chini kujaza nafasi. Yanapanda na kadimi yake. British Columbia, Kanada, chaza wamekutwa na kadimi ya kusumbua soko kwenye maji yasiyo na kiwanda chochote, na bahari yenyewe imetajwa kuwa chanzo kikubwa.

Kwa hiyo mawe yenu ya "ndege tu" yanaweza kuwa yanasoma bahari, sio viwanda.

#43 KomeMweusi
Kwa hiyo mto hauna hatia?

#44 Kina_Kirefu
Sijasema hivyo. Nimesema bado hujauthibitishia kosa.

#45 BiMizani
Kuna namna ya kujaribu. Viwanda vya zinki vinamwaga zinki na kadimi pamoja, kadimi inatoka kwenye madini hayo hayo. Aangalie zinki. Ikipanda pamoja na kadimi, mto una kesi ya kujibu.

#46 FundiWaTakwimu
Kwenye chaza sawa. Kwenye kome hapana. Kome anaidhibiti zinki mwilini mwake, ya ziada anaitoa, kwa hiyo usomaji wake haupandi sana hata maji yakiwa nayo nyingi. Utaona zinki ya kawaida utafikiri mto ni msafi.

#47 BiMizani
Aa, umenishika. Kweli. Basi tope. Achukue tope la juu sehemu zote tatu, apime zinki na kadimi humo.

#48 Mzamiaji2
Na la nne, kwenye eneo la kutupa. Msisahau langu.

#49 Jongoo_Bahari
Nje ya mada kidogo: kuna aliyewahi kusikia habari za povu? PFAS zinapenda kukaa kwenye uso wa maji, mawimbi yakipiga zinajikusanya kwenye povu, na upepo unarusha matone nchi kavu. Uholanzi na Ubelgiji wameshauri watu wasimeze povu la baharini. Yaani mto unapeleka baharini, bahari inarudisha ufukweni kwa njia ya hewa. Hapo beseni la wino limetoboka kabisa.

#50 Pezi
Watoto wangu wanalirushiana hilo povu. Ahsante kwa kunitia hofu usiku huu.

#51 Kokoto
Turudi kwa mleta mada kabla uzi haujaenda hewani na povu. Kabla ya upepo, kabla ya tope, swali la karani: mifuko ya mwaka juzi iliandikwa nini? Maana "kulia" na "kushoto" zote zinaanza na KU.

#52 KomeMweusi
Kokoto, umenifanya niende stoo saa hizi.

Mwaka huu tumeandika KLI na KSH, hakuna shida. Ya mwaka juzi bado ipo kwenye ndoo, mifuko mitupu, kalamu imepauka kwa maji ya chumvi. Wa mlangoni umeandikwa MTO, unasomeka. Wa pili umeandikwa KU. Wa tatu umeandikwa KU na mshale.

#53 NgojaWaje
Mshale unaelekea wapi???

#54 KomeMweusi
Juu.

#55 NahodhaMstaafu
😂😂 Piga picha uweke hapa, pande zote mbili za mfuko.